Kiwambo cha Mwanaima

Kama kulikuwa na neno moja lililoweza kumpandisha Kipriani hasira asubuhi na mapema, kabla hata hajanywa uji, ni hili: "Tumebahatisha tu, fundi." Alilisikia miaka tisa. Alilisikia Jumatatu, akalisikia Jumamosi. Mashine imelala wiki tatu, imewashinda mafundi wawili watatu, inaletwa Ruangwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, mafundi wa Kipriani wanaizunguka siku moja tu, inanguruma. Yeye anauliza, jamani, mmefanyaje? Wanatazamana. Wanajikuna. Halafu mmoja anaangalia chini na kusema, tumebahatisha tu, fundi. Khaa! Mtu anabahatisha mara moja. Haya, tuseme anabahatisha mara mbili. Lakini mtu habahatishi miaka tisa!

Mashine zenyewe zilikuwa za kupulizia salfa. Anayelima korosho anaijua habari hii, asiyelima aelezwe. Mikorosho inapotoa maua, kuanzia mwezi wa sita hivi, unaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua yote, na dawa yake ni salfa. Inapulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani, kwa mashine ya kubeba mgongoni yenye injini ndogo na bomba refu. Mashine ikigoma majuma mawili ya msimu, mwaka umekwenda. Watoto hawapati sare, na baba mwenye nyumba anakuwa mkali bila sababu. Kwa hiyo ile karakana ya chama cha wakulima pale Ruangwa, kibanda cha bati chenye meza mbili na jiliwa moja la kubania vyuma, haikuwa kitu cha mchezo. Kipriani alikuwa msimamizi wake tangu mwaka 1994.

Mwenyewe alizaliwa Kilimarondo, huko Nachingwea ndani kabisa, ambako ukipanda mahindi unapanda yako na ya nguruwe pori. Alisoma shule ya misheni, akachukuliwa karakana ya misheni hiyo hiyo kujifunza ufundi. Akiwa na miaka kumi na tisa, mkanda wa mashine yao ya kusaga ulikuwa unateleza kila siku, unga unatoka chenga. Kipriani akafikiri kichwani mwake, akakata tairi bovu, akaushonea mkanda ule kwa ndani, ukashika. Wakaja wageni. Wakauliza nani kafanya jambo hili la maana. Kipriani akaweka mkono kifuani, akamwonyesha fundi mkuu wake. "Ni mkono wa fundi wangu," akasema. Fundi mkuu akakohoa, akanyamaza. Mwaka uliofuata fundi mkuu akapelekwa kusoma Morogoro, na Kipriani akaachwa anafagia vyuma. Hakumchukia yule mzee hata siku moja. Alijichukia mwenyewe, na chuki hiyo aliibeba mpaka Ruangwa.

Maana ndivyo tulivyo huku kwetu. Hakuna aliyeandika sheria, lakini kila mtu anaijua: mbele ya wageni, kazi ni ya mkubwa wako. Msichana akisifiwa ugali, anasema kanifundisha mama. Seremala akisifiwa mlango, anasema ni mkono wa fundi. Anayesema "nimefanya mimi" watu wanamwonea aibu, wanaangalia pembeni kama kafunuliwa na upepo. Ni adabu nzuri, sikatai. Lakini Kipriani alikwisha kuilipia, na aliapa hakuna mtu chini yake atakayeilipia tena.

Watu chini yake walikuwa watatu. Mzee Saadi, Mmakonde aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, ndiye aliyekuwa mchomeleaji. Salfa ikipata unyevu inaganda ndani ya tangi, haipandi kwenye bomba. Saadi alichukua spoku za baiskeli, akazipinda, akazifunga ndani ya tangi pale injini inapotetemesha, na salfa ikawa inachekechwa yenyewe. Silvanus alikuwa mshona nguo kabla ya kuwa fundi. Yeye aliona wakulima wanachubuka migongo, akashona mito ya gunia na mpira wa tairi, sasa mtu anapuliza shamba zima bila kulalamika. Ukimuuliza, Silvanus anakujibu kwa maneno ya redioni: "Zali tu hilo, fundi." Zali! Kipriani alitamani kumpiga kibao cha upendo.

Wa tatu ndiye Mwanaima, na habari hii hasa ni yake. Mmakua wa Chunyu, mjane, watoto wanne, aliajiriwa kuosha matangi. Ndani ya kabureta ya zile mashine kuna kiwambo, kipande chembamba cha mpira, upana wake hauzidi kisoda. Ndicho kinachocheza na kuvuta petroli. Kikikakamaa, injini inakohoa mara mbili na kufa. Vya dukani vilitoka Dar es Salaam, na vikitoka vinakuja msimu umekwisha. Mwaka 1996 mashine kumi na saba zilikuwa zimelala kwa ajili ya kidude hicho. Mwanaima akachukua kimoja kibovu, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nacho nyumbani. Baba yake zamani alikuwa anawamba ngoma, na yeye utotoni alikuwa akimparia ngozi. Siku ya sita akarudi na kiwambo cha ngozi ya mwanambuzi, ya tumboni, amekipara kwa kigae cha chupa, amekilaza siku tatu ndani ya mafuta ya nyonyo, amekikata kwa wembe. Wakakifunga. Wakavuta kamba. Injini ikashika hapo hapo.

Kipriani alipiga kelele mpaka wauza mihogo wakaja kuchungulia. "Mwanaima! Umefanyaje wewe?"

"Nimebahatisha tu, fundi," akasema Mwanaima, ameshika ndoo yake. "Si wewe ulisema siku ile kidude hiki ni kama ngozi ya ngoma?"

Labda alisema. Watu husema mengi wakiwa na bisibisi mdomoni. Lakini kusema na kufanya ni mbali, na Kipriani alimweleza hivyo siku hiyo, na kesho yake, na mwaka mzima. Mwanaima alikuwa anaitikia, ndiyo fundi, ndiyo fundi, kisha anarudi kwenye matangi. Akaendelea kukata viwambo, kumi, hamsini, mia na zaidi, vikaenda Malolo, vikaenda mpaka mashamba ya mpakani, na hata siku moja hakuviita kwa jina. "Vile vidude," alisema, kama vile vilikuwa vinaota mezani.

Kipriani alijaribu kila njia, Mungu ni shahidi. Alitundika ubao na chaki, akatangaza kwamba mwenye wazo aliandike pamoja na jina lake. Ubao ulikaa mtupu miezi miwili, halafu siku moja akakuta mwandiko wa Silvanus: "Fundi anunuliwe kiti kipya." Aliufuta kwa kiganja. Akaanzisha zamu ya Jumamosi, kila mtu asimame aeleze kitu kimoja alichokitunga mwenyewe wiki hiyo. Mzee Saadi akasimama, akavua kofia, akaeleza kwa kirefu jinsi Kipriani alivyowafundisha kusafisha plagi. Mwanaima akasimama akaomba ruhusa ya kumpeleka mtoto zahanati. Wiki iliyofuata Kipriani akaweka mche wa sabuni mezani, zawadi ya wazo bora. Wakateta kidogo, wakapiga kura, wakalichagua wazo la zamu ya Jumamosi, wakampa sabuni Kipriani. Wakapiga na makofi!

"Wananikejeli hawa," alimwambia mkewe, Valentina, siku hiyo. Sabuni aliibwaga juu ya meza.

"Hawakukejeli, baba Rosa. Wanakuheshimu."

"Heshima gani hii? Nawaambia wana akili, wanakataa! Nawaambia tena, wanakataa tena! Nimewapigia kelele mpaka koo limekauka."

Valentina aliacha kupembua mbaazi. "Kwa hiyo unawafokea watu ili wajiamini?"

"Sijafoka mimi."

"Nimekusikia, nami nilikuwa kisimani."

Kipriani akatoka nje, akaenda kupasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka 2003, ilipokuja barua. Chama kilikuwa hoi, na karakana ilikodishwa kwa kampuni moja ya pembejeo, ambayo ilikuwa na karakana nyingine kubwa zaidi Nachingwea. Kampuni ingemtuma mkaguzi wake, Bwana Eustace, kuchagua wa kubaki na wa kuondoka. Atakayebaki ni yule atakayeonyesha kazi ya akili yake mwenyewe. Anayefuata maagizo tu, kampuni ina vibarua wengi wa namna hiyo. Kipriani aliisoma barua ile kwa sauti mara mbili, akaigonga kwa kidole.

"Mmesikia? Siku hiyo anapimwa kila mtu peke yake. Anayesema 'tumebahatisha' ameaga. Mzee Saadi, wajukuu watakula nini? Mwanaima, na watoto wale wanne? Semeni tu ukweli! Sitaki mseme uongo hata kidogo, semeni ukweli!"

"Tumesikia, fundi," wakasema.

Akawafanyisha mazoezi kama watoto wa kipaimara. "Nani kakata kiwambo hiki?"

"Sisi," akasema Mwanaima.

"Sisi nani?"

"Sisi karakana."

"Karakana ina mikono? Nani?"

Mwanaima alitazama mlango. Baada ya wiki nzima alifika mahali pa kusema "mimi" kwa sauti ya mtu anayekiri kuiba kuku. Kipriani akaona inatosha, akamshukuru Mungu, akalala vizuri.

Bwana Eustace alifika kwa gari jeupe, mtu mwembamba, kalamu tatu mfukoni, ana haraka lakini si mbaya. Aliangalia mashine, akaomba waiwashe moja, akasikiliza. Kisha akaanza na mzee Saadi. Hizi spoku ndani ya tangi, ni za nani?

Saadi akavua kofia. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa sijui hata kushika bisibisi. Ni mkono wa fundi Kipriani."

Kipriani alidhani amesikia vibaya. Akaja Silvanus, tena siku hiyo bila neno hata moja la redioni, amesimama wima: "Mito ni wazo la fundi, mheshimiwa. Mimi nashona tu anavyoniambia." Kipriani akaanza kukohoa, akamtolea macho Mwanaima. Mwanaima alikuwa amevaa kanga yake ya Idi. Bwana Eustace alikiinua kiwambo juani, akakigeuza, akakivuta taratibu.

"Kitu hiki ni cha maana sana," akasema. "Sijakiona popote. Mama, nani kakitunga?"

Mwanaima alikaza pindo la kanga. "Fundi Kipriani," akasema. "Ndiye aliyesema ni kama ngozi ya ngoma."

"Anadanganya!" Kipriani aliruka. "Bwana mkubwa, anadanganya huyu! Wote wanadanganya! Kiwambo ni chake, mimi hata kukikata siwezi!"

Bwana Eustace akacheka, akamshika bega. "Ndiyo maana watu wako wanakupenda, fundi. Hujikwezi." Na kadiri Kipriani alivyozidi kukataa, ndivyo yule bwana alivyozidi kuandika sifa zake. Alikataa mpaka sauti ikamkatika. Alimfuata mpaka kwenye gari, akashika dirisha. Gari likaondoka, vumbi likamwingia mdomoni.

Aliporudi ndani aliwakuta wamejipanga, wanatabasamu wote watatu.

"Umepeta, fundi!" akasema Silvanus.

"Mmefanya nini?" Kipriani aliuliza polepole. "Mmefanya nini nyinyi?"

Mzee Saadi ndiye aliyeeleza, kwa fahari. Silvanus alisikia pale kwenye chai kwamba kampuni ina fundi wake mwenye cheti, na huyo mkaguzi kaja kutafuta sababu ya kumng'oa Kipriani. Habari za barua ni geresha tu. Basi wakafanya kikao nyumbani kwa Saadi. Wakagawana maneno, nani aanze, nani amalize. Silvanus akakatazwa zali. Mwanaima akawekwa mwisho kwa sababu ana uso unaoaminika.

"Mlifanya kikao?"

"Vikao viwili, fundi."

"Bila mimi?"

"Ungetukataza," akasema Mwanaima.

Kipriani aliketi juu ya debe. Hawa ni watu wa kushindwa kusimama Jumamosi waseme jambo moja! Kumbe wana uwezo wa kupanga mchezo mzima, wakaugawa, wakaufanyia mazoezi, na wakaucheza mbele ya bwana mkubwa bila kukosea hata nukta. Alitaka kuwatukana. Alitaka kulia. Alisema tu, "Nendeni nyumbani," na walikwenda, wameridhika kabisa.

Barua ya pili ilikuja baada ya mwezi. Kipriani anabaki, tena anahamishiwa Nachingwea kuwafundisha mafundi kumi uvumbuzi wake. Wengine watatu wanashukuriwa kwa utumishi wao. Alipomsomea Mwanaima, mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Na wewe umebaki, fundi?"

"Nimebaki."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanaima, akachukua ndoo yake, maana ilikuwa ya kwake, akaondoka. Kipriani anasema siku hiyo ndiyo aliyotamani ardhi ipasuke.

Nachingwea ilikuwa aibu tupu. Mafundi kumi wamekaa wanamtazama, madaftari wazi. Kipriani alijua habari ya kiwambo kama anavyoijua mtu aliyesimama mlangoni: ngozi, mafuta, wembe. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilijikunja kama chapati. Cha tisa kilishika dakika moja, wote wakashangilia, kikafa. Alimwendea Bwana Eustace mara tatu kumweleza tena kwamba kazi si yake, na mara ya tatu bwana alikasirika.

"Fundi, mwanzo nilidhani ni unyenyekevu. Sasa naona unaficha siri ya kazi."

"Ni Mwanaima wa Chunyu! Nikuapie kwa nini?"

"Huyo Mwanaima nilimuuliza mwenyewe, akanijibu ni wewe. Sikiliza, msimu umebakiza wiki tatu uanze. Mtu yeyote akisimama hapa, aseme kwa mdomo wake kiwambo ni chake, akikate mbele yangu, naye ndiye atakayefundisha, namwandikia ajira siku hiyo hiyo. Lakini aseme mwenyewe. Wewe usimsemee, nimechoka na wewe."

Mzee Saadi wakati huo alikwisha vuka Ruvuma kwenda kwa wanawe. Silvanus alikuwa anauza viatu vya katambuga Mtwara, na hakuna aliyejua mtaa gani. Alibaki Mwanaima. Kipriani akapanda lori mpaka Ruangwa, akaazima baiskeli mpaka Chunyu, begi mgongoni, ndani yake ngozi na wembe. Alimkuta uani kwake amekaa juu ya mkeka, anapembua choroko za watu, kibarua. Amekonda. Mwanaima alimpa maji, akampa kigoda, akamsikiliza.

"Nikaseme nini, fundi?" akauliza. "Nikakuvue nguo mbele ya mabwana?"

"Nimekwisha kuvuliwa. Watu kumi wananicheka kila siku."

"Basi wafundishe kama ulivyonifundisha mimi."

"Sikukufundisha, Mwanaima! Mara ngapi nikuambie? Sikukufundisha!"

"Umeanza," akasema Mwanaima, akarudi kwenye choroko zake.

Kipriani akavuta begi lake karibu. Maneno yalikuwa yamemwishia, kweli yamemwisha. Hakuwa na ujanja wowote kichwani, msidhani. Alikuwa amechoka, na Jumatatu alitakiwa awe na kiwambo hata kimoja kinachofanya kazi. Basi akavuta kinu kilichopinduliwa pale uani, akatandaza ngozi yake juu ya kitako cha kinu, akatoa wembe, akaanza kukata.

Mwanaima alipembua. Baadaye mkono wake ukapunguza mwendo.

"Hiyo ya mgongoni," akasema.

Kipriani aliendelea kukata.

"Fundi, hiyo ngozi ya mgongoni. Itakakamaa."

Wembe ukanasa, akauvuta kwa nguvu.

"Na unaikata kavu! Haikatwi kavu hiyo! Halafu unauvuta wembe kwako, nani anavuta wembe kwake... Aka! Hebu lete hapa, unaharibu ngozi ya watu!"

Ungo ulianguka upande mmoja, choroko zikamwagika. Mwanaima alikwisha mpokonya wembe. Aliigeuza ngozi, akatafuta kipande cha tumboni ambacho Kipriani alikuwa anakitupa, akaingia ndani na kutoka na kichupa cha mafuta ya nyonyo, akaanza kazi, na huku anasema, anasema, hajasimama. Mwanambuzi awe hajaanza kula majani, la sivyo ngozi inakuwa na vitundu. Kivuli cha kukaushia kiwe cha ndani ya nyumba, kisiwe cha mti, sababu kivuli cha mti kinahama. Unene haupimwi kwa vidole, vidole vya mtu wa kazi ni vigumu, vinadanganya. Akainua kile kipande, akakigusisha mdomo wa chini, akatikisa kichwa, akakipara tena, akakigusisha tena. Miaka tisa Kipriani alikuwa naye chumba kimoja, na jambo hilo hajaliona.

"Hilo la mdomo," akauliza kwa sauti ndogo, "alikufundisha baba yako?"

"Baba alikuwa anawamba ngoma. Ngozi ya ngoma ni nene, upime na mdomo kwa nini?"

"Basi alikufundisha nani?"

Mdomo wa Mwanaima ukafunguka. Kipriani aliliona jibu linakuja, lile lile, analijua kama jina lake. Lakini macho ya Mwanaima yalipita juu ya kinu, yakaona ule mchanomchano alioufanya Kipriani, yakasimama hapo.

"Hakuna," akasema.

Akalirudia, sasa kwa mshangao. "Hakuna mtu." Halafu sura yake ikabadilika, akasimama na wembe mkononi, na Kipriani alirudi nyuma kidogo. "Hakuna mtu! Na wakaniachisha kazi! Miezi yote hii napembua choroko za watu! Mbona hukuniambia, fundi?"

"Nilikuambia! Jamani! Miaka yote nakuambia!"

"Ulikuwa unaniambia mimi, tukiwa wenyewe. Halafu mwenye mashine akija, unakitoa kiwambo mfukoni mwako, unampa kwa mkono wako, anakushukuru, mnacheka, na mimi naosha matangi. Sasa nishike lipi, la mdomo au la mkono?"

Kipriani alitafuta kichwani mashine hata moja, katika mamia yale, ambayo aliwahi kumwambia mkulima, nenda ukapokee kwa Mwanaima. Hakuiona. Yeye ndiye aliyekuwa anapokea, yeye ndiye aliyekuwa anakabidhi, msimamizi, na ilikuwa tamu, asidanganye mtu. Aliinama, akaanza kuokota choroko moja moja kutoka mavumbini.

"Acha hizo," akasema Mwanaima. "Wanangu wataokota. Mimi naingia kubadili kanga, twende Nachingwea. Na huko usifungue mdomo wako. Ukifungua, narudi."

Walifika siku ya pili, saa nne asubuhi. Mafundi kumi walikuwa mezani, Bwana Eustace amesimama kati yao na kalamu zake, mbele yao rundo la ngozi zilizopasuka na kujikunja.

"Huyu ni nani, fundi?"

Kipriani alitazama dari.

"Fundi, nakuuliza."

Jasho lilimtiririka masikioni. Maneno ya miaka tisa yalimjaa kinywani, akayabana kwa meno. Mwanaima alikuwa anaangalia chini, anasugua kidole gumba kwenye kichupa chake cha mafuta. Mmoja wa wale mafundi alianza kucheka pembeni.

"Fundi Kipriani," akaanza Mwanaima, kwa sauti ile ile ndogo ya siku ya ukaguzi. Kipriani akafumba macho.

"Fundi Kipriani ndiye aliyeharibu hizi zote." Alilifagia lile rundo kwa mkono, likaanguka chini ya meza. Akafungua pindo la kanga, akavipanga viwambo vitatu alivyobaki navyo tangu Ruangwa juu ya mbao, kimoja kimoja. "Vyangu ni hivi. Nimevitunga mimi, sikufundishwa na mtu. Haya, nani anaanza?"